Bati za Zahanati Zinapitia Dodoma: Wiki ya Mbunge wa Kusini

Kijijini kwetu, upande wa Tandahimba mkoani Mtwara, lilikuwepo boma la zahanati. Aliyekulia mjini huenda akafikiri nazungumzia ngome ya Wajerumani. Boma ninalolisema ni jengo ambalo kuta zake zimefika kwenye lenta, halafu basi. Wananchi huchanga, hufyatua tofali, husomba mchanga na maji, na wakishafunga lenta hukaa kusubiri Serikali imalizie. La kwetu lilisubiri miaka. Majani yakaota kwenye chumba kilichopangwa kuwa cha kujifungulia, na mbuzi wakaona wamepata zizi.

Kila Aprili, Bunge la bajeti linapoanza, kijiwe cha kahawa kilikuwa na swali moja: "Huyu mheshimiwa yuko Dodoma miezi mitatu anafanya nini, na bati hatuzioni?"

Ni swali la haki. Shida yake ni kwamba yamo maswali matatu ndani ya moja: nani mwenye fedha, nani mwenye kuamua, na nani mwenye kusema. Kwa kawaida tunadhani mbunge ndiye wote watatu. Ukweli ni kwamba kazi yake kubwa ni ile ya tatu, na hata hiyo ina kanuni, saa na misamiati yake. Nimejaribu kuzifuata bati zile kuanzia kwenye boma kurudi nyuma hadi ukumbini, maana ukianzia ukumbini unapotea njiani.

Zahanati ni mali ya halmashauri. Mwenye kalamu ya matumizi ni mkurugenzi mtendaji, ambaye huteuliwa na Rais, na wanaopitisha bajeti yake ni madiwani. Mbunge wa jimbo ni mjumbe wa baraza hilo la madiwani. Anakaa, anachangia, anapiga kura kama diwani mwingine, lakini si mwenyekiti wala si bosi wa mkurugenzi. Fedha za halmashauri hutoka pande mbili kubwa: ruzuku ya Serikali Kuu inayopitia TAMISEMI (ofisi inayosimamia tawala za mikoa na serikali za mitaa), na mapato ya ndani.

Hapo kwenye mapato ya ndani ndipo kusini panapokuwa kusini. Kwa halmashauri kama Tandahimba, Newala, Masasi au Nachingwea, mapato ya ndani ni korosho. Mnunuzi akishinda mnada analipa ushuru wa mazao kwa halmashauri. Mwaka 2017 ushuru huo ulishushwa kutoka asilimia 5 hadi asilimia 3 kwa mazao ya biashara, ili kumpunguzia mzigo mkulima na mfanyabiashara. Nia njema, lakini kwa halmashauri isiyo na kiwanda, utalii wala soko kubwa, kila asilimia inayoondoka huondoka na bati za mtu. Ushuru ukihesabiwa kwa bei, bei ikishuka mnadani boma nalo linakosa paa.

Bei ya korosho nayo haipangwi Tandahimba. Inategemea soko la India na Vietnam, ubora wa korosho yenyewe, salfa (dawa ya mikorosho) iliyofika kwa wakati au iliyochelewa, na kodi inayotozwa bandarini. Mambo mawili ya mwisho ni sera, na sera inapitia Dodoma. Ndiyo maana huwa nacheka kidogo nikisikia watu wakigawa wabunge makundi mawili, wa "masuala ya kitaifa" na wa "kero za wananchi". Kwa mbunge wa jimbo la korosho hayo ni shamba moja lenye njia mbili za kuingilia.

Saa tatu asubuhi

Tumchukue mbunge wa mfano, wa jimbo lolote kati ya Mtama na Nanyumbu, katikati ya Mei. Jumatatu saa tatu asubuhi Spika anaingia, inasomwa dua, kisha yanaanza maswali. Ibara ya 63 ya Katiba inalipa Bunge madaraka ya kuisimamia na kuishauri Serikali kwa niaba ya wananchi, na njia ya kwanza inayotajwa hapo ni kumuuliza waziri yeyote swali lolote kuhusu mambo ya umma yaliyo chini ya wajibu wake.

Swali la msingi halibuniwi asubuhi ile. Liliandikwa, likapelekwa ofisi ya Katibu wa Bunge, likapangiwa siku, na wizara ikaandaa jibu. Kwa hiyo waziri au naibu wake akisimama anasoma karatasi. Hakuna cha kushangaza. Kinachonoga ni maswali ya nyongeza, mawili kwa aliyeuliza, kisha wengine wakibahatika kuonwa na Spika. Mbunge mzoefu hutumia swali la msingi kama mlango tu. Mkuki ameuweka kwenye nyongeza. La msingi litakuwa: "Je, ni lini Serikali itakamilisha mradi wa maji?" La nyongeza linaingia ndani: pampu iliyoharibika itabadilishwa mwezi gani, na kwa nini wananchi wa kata hii wanaletewa bili wakati bomba halitoi maji?

Maji nayataja makusudi. Uwanda wa Makonde, unaobeba Newala, Tandahimba na sehemu ya Nanyamba, uko juu na hauna mito ya kutegemea. Maji ya mradi wa Makonde yanasukumwa kutoka bondeni Mitema kupanda mlima. Umeme ukikatika, maji yanakatika. Sasa mbunge anamuuliza nani? Wizara ya Maji? Wizara ya Nishati? Akikosea mlango anajibiwa kwa heshima zote kwamba suala hilo liko chini ya wizara nyingine, na wiki imekwenda. Kwenye barabara ni hivyo hivyo. Barabara kuu na za mkoa ni za TANROADS, za wilaya na vijiji zimekuwa za TARURA tangu 2017. Maji vijijini yapo RUWASA tangu 2019. Mwananchi anaona tope moja, lakini kwenye makaratasi tope lile lina wenyewe watatu.

Halafu kuna lugha ya majibu, ambayo naona ingefundishwa kwenye mikutano ya vijiji. Ukisikia "Serikali inatambua umuhimu wa barabara hiyo", ujue umesikilizwa na hakuna kilichotokea. "Kadri ya upatikanaji wa fedha" maana yake haimo kwenye bajeti ya mwaka huu. "Upembuzi yakinifu na usanifu wa kina" ni hatua ya kweli: watu wanapita na vipimo, wanaweka vigingi, mnafurahi, na kati ya kigingi na lami mtoto anaweza kuanza darasa la kwanza akamaliza la saba. Lililo muhimu kuliko yote ni tofauti ya maneno mawili yanayofanana, "zimetengwa" na "zimetolewa". Fedha iliyotengwa imo kitabuni. Fedha iliyotolewa imefika. Katikati yake kuna Hazina, makusanyo ya kodi ya mwezi huo, na foleni ya mahitaji ya nchi nzima. Mbunge anayeuliza "zilizotengwa mwaka jana zimetolewa kiasi gani hadi leo?" amefanya kazi kuliko yule aliyeuliza "ni lini" mara kumi.

Mfano wa subira hiyo tunao mlangoni. Barabara ya Mtwara hadi Masasi kwa kupitia Newala ina kilomita 210, na inapita katikati ya korosho nyingi kuliko barabara nyingine yoyote ninayoijua. Imeulizwa bungeni na wabunge wa vyama tofauti, awamu baada ya awamu. Kilomita 50 za kwanza, Mtwara hadi Mnivata, ndizo zilizotangulia kupata lami. Zile 160 zilizobaki zilisubiri mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, zikagawanywa vipande viwili: 100 kutoka Mnivata hadi Mitesa na 60 kutoka Mitesa hadi Masasi. Je, maswali ndiyo yaliyoleta lami? Siwezi kusema hivyo kwa uhakika. Ila mradi usiotajwa bungeni hauna mtu wa kuusogeza kwenye foleni, na nimeona miradi isiyotajwa ikizeeka.

Alhamisi ni tofauti: ni zamu ya Waziri Mkuu, nusu saa, maswali ya papo kwa papo ya sera. Hapa halitakiwi swali la daraja la kijiji. Ukitaka daraja lako lipite, livishe kanzu ya sera: "Ni nini kauli ya Serikali kuhusu madaraja yaliyosombwa na maji kwenye maeneo yanayozalisha mazao ya biashara?" Kila mtu anajua unasema daraja gani.

Na hapa kuna jambo ambalo wapiga kura wa kusini wamelionja kuliko wengi. Mawaziri wetu, kwa Katiba, huteuliwa miongoni mwa wabunge. Kassim Majaliwa, mbunge wa Ruangwa, alikuwa Waziri Mkuu kuanzia Novemba 2015 hadi Novemba 2025. Miaka 10 hiyo mbunge wa Ruangwa ndiye aliyekuwa akijibu siku ya Alhamisi. Jimbo lenye waziri linapata mtu aliye karibu na meza inapoamuliwa, lakini linapoteza mtu wa kusimama na kuuliza. Mtama wameonja pande zote mbili. Bernard Membe alikuwa Waziri wa Mambo ya Nje kuanzia 2007 hadi 2015. Akamfuatia Nape Nnauye, ambaye ameingia Baraza la Mawaziri, ametolewa, amerudi, ametolewa tena. Tutamkuta mbele kidogo akiwa kwenye kiti cha nyuma.

Mshahara wa waziri na shilingi moja

Baada ya maswali inakuja hotuba ya wizara na mjadala. Kila wizara na kila mkoa una fungu lake kwenye kitabu cha bajeti: Kilimo ni Fungu 43, TAMISEMI Fungu 56, Mkoa wa Lindi Fungu 76, Mtwara Fungu 80. Mbunge anapewa dakika chache, kengele inagonga, anamalizia na "naunga mkono hoja". Maneno hayo matatu yamewachosha watu wengi vijiweni. Mtu ameilaumu wizara dakika zote hizo, akaishia kuiunga mkono! Kwa kiasi fulani ni desturi tu, kama "wasalaam" kwenye barua. Lakini kwa kiasi kingine inaeleza mipaka ya madaraka yake, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo mengi yanapochanganywa.

Ibara ya 99 ya Katiba inazuia Bunge kushughulikia pendekezo la kuanzisha au kuongeza kodi, au kutumia fedha za Mfuko Mkuu wa Hazina, isipokuwa limetoka kwa Rais kupitia waziri. Maana yake, mbunge wa Liwale hawezi kusimama na kusema "ongezeni bilioni mbili kwenye barabara ya Liwale" na ikapigiwa kura. Anaweza kushauri, kubembeleza, kupitia Kamati ya Bajeti wakazungumza na Serikali ikabadili yenyewe. Kuongeza kwa mkono wake hawezi.

Kupunguza je? Hapo anayo silaha ya ajabu kidogo, nayo ni shilingi. Bunge likikaa kama Kamati ya Matumizi kupitia mafungu, ukifika kwenye mshahara wa waziri mbunge anaweza kuomba ufafanuzi wa sera, na asiporidhika anatoa hoja ya kuondoa shilingi moja kwenye mshahara huo. Ndiyo ile "nashika shilingi". Shilingi yenyewe haina thamani, siku hizi hata pipi hainunui, lakini ikishikwa waziri hawezi kupita kimya. Wengine wanachangia, na suala dogo la jimbo linakuwa la Bunge zima. Mara nyingi waziri anatoa ahadi na mbunge anairudisha shilingi. Hata kama imerudishwa, ahadi imeandikwa kwenye Taarifa Rasmi za Bunge, na mwakani anaweza kuisoma neno kwa neno. Muda ukiisha kabla mafungu hayajaisha, yaliyobaki hupitishwa kwa mkupuo bila maelezo. Kwa hiyo kuwahi nako ni ufundi.

Bajeti nzima ikiisha kujadiliwa mwezi Juni, kila mbunge anaitwa kwa jina na kupiga kura mbele ya wenzake. Bunge likiikataa, Ibara ya 90 inampa Rais nafasi ya kulivunja na wote warudi kwa wananchi. Ongeza na hili: hakuna mgombea binafsi Tanzania, na mbunge akipoteza uanachama wa chama chake anapoteza kiti. Mtu anayesimama ukumbini ametoka kwenye kikao cha wabunge wa chama chake, ambako mnadhimu, msimamizi wa nidhamu ya wabunge wa chama, amekwisha kumkumbusha mambo hayo yote. Simtetei. Nasema tu kwamba ukitaka kujua alipigania nini, usiangalie kura ya mwisho peke yake. Angalia alichokisema kabla yake.

Kwa watu wa korosho, mwaka wa kujifunza hayo ulikuwa 2018. Sheria ya Tasnia ya Korosho ya 2009 ilikuwa imeweka kwamba korosho ghafi inayosafirishwa nje inatozwa ushuru, asilimia 15 ya thamani yake bandarini au dola 160 kwa tani, kilicho kikubwa kati ya hivyo, na kwamba asilimia 65 ya makusanyo irudi kuliendeleza zao: pembejeo, utafiti, miche, ubanguaji. Asilimia 35 iende Hazina. Juni 2018 ukaletwa Muswada wa Sheria ya Fedha, ule unaoambatana na bajeti kila mwaka na kubadili vifungu vya sheria nyingi kwa wakati mmoja. Ndani yake kilikuwemo kifungu cha kupeleka fedha yote Mfuko Mkuu. Kifungu kimoja, katikati ya makaratasi ya kodi za bidhaa mbalimbali. Mtu asiye na jimbo la korosho angekipita.

Wabunge wa Mtwara na Lindi hawakukipita. Wa CCM na wa CUF, chama cha upinzani, walisimama upande mmoja, akiwemo Nape Nnauye wa Mtama, ambaye uwaziri ulikuwa umemtoka mwaka uliotangulia. Hoja yao ilikuwa rahisi kueleweka na mtu yeyote mwenye mikorosho: fedha inayotoka kwenye zao ikiacha kurudi kwenye zao, salfa italipwa na nani? Serikali nayo ilikuwa na hoja yake, kwamba mapato ya nchi yakusanywe kapu moja na kugawanywa kwa bajeti. Muswada ukapita. Kusini walishindwa kwa hesabu ya vichwa, na vichwa vya korosho ni vichache ukumbini.

Oktoba ile ile wakulima walizikataa bei za mnada. Novemba Serikali ikaagiza jeshi linunue korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na mawaziri wa Kilimo na wa Viwanda wakaondolewa. Sisemi jambo la Juni ndilo lililozaa la Novemba. Soko la dunia lilikuwa na yake. Nasema kwamba kuanzia mwaka ule wazee wa AMCOS, vyama vya msingi vya ushirika, walianza kuuliza ratiba ya Bunge kama wanavyouliza ratiba ya mnada.

Kalenda mbili zisizokutana

Tuliitafuta ratiba hiyo pamoja na mzee mmoja wa ushirika, nikagundua jambo ambalo hata mimi sikuwa nimelifikiria. Mikorosho inaanza kuhitaji salfa kuanzia Juni hivi, inapochipua na kutoa maua, ili ubwiri unga usiimalize. Wizara ya Kilimo inasoma bajeti yake Mei. Mwaka wa fedha unaanza 1 Julai. Kwa hiyo mbunge anayelilia salfa mwezi Mei, hata akishinda, fedha yake inaanza kuhesabika wakati maua yamekwisha kuonja ukungu.

Anayeijua kazi anaanza Novemba. Mkutano wa Novemba ndipo Bunge linapokaa kama Kamati ya Mipango kujadili mapendekezo ya mpango wa mwaka ujao, kabla namba hazijakauka. Januari na Februari halmashauri zinapitisha bajeti zao, na yeye ni mjumbe. Kisha kamati za Bunge zinakutana kabla ya Aprili kuchambua makadirio ya wizara. Kufikia Mei, ile siku tunayokusanyika kumsikiliza redioni, mambo mengi yamekwisha kuiva. Novemba lakini ni msimu wa minada. Sisi wote tuko ghalani tunasubiri malipo, na hakuna anayemuuliza mbunge chochote kuhusu salfa. Tunamuuliza Julai.

Kuna siku mtu wa kusini amelisikiliza Bunge kwa makini kuliko mahali pengine popote nchini, nayo ni 22 Mei 2013. Maduka ya Mtwara mjini yalifungwa, watu wakakaa kwenye redio na televisheni kusubiri hotuba ya bajeti ya Nishati na Madini. Waziri Sospeter Muhongo aliposema bomba la gesi kwenda Dar es Salaam litajengwa, mji uliwaka moto, jeshi likaingia, watu wakafa. Gesi ya Mnazi Bay ilikuwa imegunduliwa mwaka 1982. Watu walikuwa wameisubiri miaka 31, na waliona inapita mbele ya macho yao. Ninalitaja kwa sababu linaonyesha upande wa pili wa kazi ya mbunge, ambao hakuna kanuni ya Bunge inayoufundisha: kurudi na kueleza. Uamuzi wa taifa ukipita bila mtu wa kuueleza kwa lugha ya mtaani, pengo lile hujazwa na vipeperushi. (Karibu miaka mitatu baadaye, Januari 2016, ilitangazwa kwamba televisheni ya taifa haitarusha tena vikao vya Bunge moja kwa moja. Aliyetangaza ni waziri wa habari wa wakati huo, mbunge wa Mtama. Siku hizi vikao tunaviona kwenye simu, bando likiruhusu.)

Ijumaa jioni

Bunge likiahirishwa Ijumaa, mbunge wa Chamwino anaweza kulala jimboni. Wa Newala ana kilomita kama 1,000 mbele yake, kupitia Dar es Salaam, Kibiti, Nangurukuru, Lindi. Ndege inafika Mtwara, lakini kutoka Mtwara bado ana barabara. Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipoleta mvua, barabara ya Lindi kwenda Dar es Salaam ilikatika maeneo ya Somanga na kwingineko, mikoa miwili ikabaki kisiwa kwa siku kadhaa. Wabunge wetu walikuwa Dodoma wakati huo. Kwa jambo kama lile huwezi kusubiri swali la msingi. Unampigia waziri simu, unamfuata kwenye korido, unaomba mwongozo wa Spika. Simu na korido havimo kwenye Hansadi, yaani zile Taarifa Rasmi za Bunge, na ndiyo sababu nusu ya kazi ya mbunge haipimiki.

Akifika, anakutana na foleni. Nimewahi kukaa nje ya ofisi ya mbunge mmoja Jumamosi asubuhi nikingoja barua ya utambulisho, nikahesabu waliokuja: ada ya chuo, jezi za timu, mchele wa msiba, mchango wa unyago, nauli ya kumpeleka mgonjwa hospitali ya Ndanda, kijana anayetaka ajira ya ulinzi. Katika wote waliotangulia mbele yangu, mmoja tu alikuja na jambo la umma: mama aliyeshikilia picha za shamba lililoliwa na tembo, akiuliza kifuta jasho chake kimekwama wapi. Hayo ndiyo majina ya kiserikali yenyewe, kifuta jasho kwa mazao, kifuta machozi kwa aliyeuawa au kujeruhiwa. Yule mama alikuwa wa mwisho kwenye foleni na alipewa dakika chache kuliko wa jezi. Sikulaumu sana. Wa jezi huondoka na jibu siku hiyo hiyo, na kura yake inahesabika sawasawa na ya mama. Hata hivyo dai la mama ndilo pekee ambalo mbunge alikuwa na zana nalo: angeweza kuuliza wizara madai mangapi ya wilaya ile hayajalipwa, na tangu lini. Jezi inatoka mfukoni kwake, na aliyetoa mfukoni mwaka huu atatafuta namna ya kurudisha mwakani.

Kuna mfuko mmoja tu wa umma ambao mbunge ana mkono wa moja kwa moja ndani yake, ule wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo, ulioanzishwa kwa sheria ya 2009. Hata huo hauingii kwenye akaunti yake. Unapitia halmashauri, afisa mipango ni katibu wa kamati, wapo madiwani na watendaji, mbunge ni mwenyekiti. Mgawo hutazama idadi ya watu, umaskini na ukubwa wa eneo. Ni fedha ndogo ukilinganisha na kero, na imekusudiwa hasa kuongezea pale wananchi walipoanza wenyewe. Wabunge wa viti maalumu hawana mfuko huo, kwa kuwa hawana jimbo, ingawa foleni zao ni ndefu vile vile.

Hatimaye boma letu lilipatia paa kwenye mfuko huo. Lilikuwa limeombewa ruzuku mara mbili, likaambiwa "kadri ya upatikanaji wa fedha". Mwaka ambao korosho ilikuwa na bei nzuri, ushuru ulipoongezeka, halmashauri ikalitengea kitu, kikatengwa, hakikutolewa. Kisha mwenyekiti wa kijiji, aliyekuwa amechoka kusikia "ni lini", akaacha kumuandikia mbunge, akamwandikia afisa mipango, nakala kwa diwani, nakala kwa mbunge, akiambatanisha picha, muhtasari wa mkutano wa kijiji na hesabu ya tofali tulizofyatua. Kamati ilipokaa, karatasi zake ndizo zilizokuwa zimekamilika. Bati zilishushwa mwezi Agosti, tukiwa mikorosho imeshika maua. Mbao zilikuja baadaye. Misumari haikuwemo kwenye orodha, tukachanga.